Makunyanzi ya Macho Yangu na Uso wa Dada

Dada yangu alinizidi miaka minne, lakini tangu siku aliposhuka kwenye lori pale Nakuru na sanduku lake la bati, watu walianza kunihesabu mimi kuwa mkubwa. Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili na watoto watatu, na mume wangu alikuwa akipima magunia ya mahindi na pareto kwenye ghala la mizigo la stesheni. Tulikaa katika landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja na jiko dogo la nje tulilotumia pamoja na jirani.

Mume wa dada alikuwa amekufa mwaka mmoja nyuma kwa ugonjwa wa mapafu, huko Njoro walikokuwa wakimkamulia Mzungu mmoja ng'ombe wa maziwa. Hawakujaliwa mtoto. Mzungu alimwacha aendelee na kazi kwa miezi kadhaa, halafu nyumba ikatakiwa kwa mtu mwenye mke na watoto wa kusaidia kazi, naye akaambiwa atafute pa kwenda. Mahali pa kwenda palikuwa kwangu. Nilimpokea kwa mikono miwili. Nililia aliponikumbatia, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Wivu ulikuja baadaye, wiki ya pili, siku tuliyokwenda kupiga picha.

Mama yetu alikuwa amebaki nyumbani magharibi, na mume wangu alisema ni vizuri apelekewe picha ya mabinti wake wawili pamoja. Tulivaa nguo za kanisani tukaenda kwa Mhindi mmoja aliyekuwa na chumba cha picha mjini. Alikuwa mzee mpole. Alitutazama, akavuta kiti, akaniambia, "Mama, wewe kaa hapa. Hii msichana yako simama nyuma, weka mkono kwa bega."

Mume wangu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mimi ndiye mkubwa," dada alimwambia Mhindi kwa upole, akitabasamu kidogo.

Mhindi alinitazama tena, mara hii kwa huruma. "Pole, mama," akasema.

Pole ile ndiyo iliyoniuma kuliko kosa lenyewe. Nilikaa kwenye kiti kama nilivyoambiwa, na dada akasimama nyuma yangu, na mkono wake begani mwangu nikauona mzito kama mtungi.

Tuliporudi nyumbani nilitoa kipande cha kioo tulichokuwa tumekitundika karibu na dirisha, nikatoka nacho hadi kwenye mwanga. Nilijitazama kama mtu anayetafuta mdudu kwenye mchele. Pembeni mwa jicho la kushoto kulikuwa na mistari mitatu iliyochimbika. Kulia minne. Chini ya macho ngozi ilikuwa imekunjamana kama leso iliyokaliwa safari nzima. Nilijaribu kuivuta kwa vidole kuelekea masikioni na ikanyooka, nikawa msichana tena. Nilipoachia ikarudi palepale. Dada alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharagwe, jua la saa kumi likimwangaza uso mzima, na pembeni mwa macho yake hapakuwa na kitu. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto aliyetoka kuoga.

Tulizaliwa na mama mmoja. Tulikula ugali wa chungu kimoja. Yeye alikuwa amekamua ng'ombe kwenye baridi ya Njoro tangu alfajiri kwa miaka kumi, akazika mume, akafukuzwa nyumba. Mimi nilikuwa na mume mzima na watoto wazima. Kama kuna uso uliostahili kukunjamana, haukuwa wangu. Niliwaza hivyo, na sikuona aibu kuwaza hivyo.

Nikaanza kumchunguza. Alfajiri alinawa kwa maji baridi ya bomba, akijimwagia usoni kwa viganja bila kusugua. Akitoka juani alifunga kitambaa mpaka karibu na nyusi. Akipika alikaa upande moshi usikokwenda, na upepo ukigeuka naye alihamisha kigoda. Alilala mapema pamoja na watoto. Niliyaona yote haya na nikayapuuza, maana niliona ni mambo ya kawaida mno, na uso ule haukuwa wa kawaida. Niliamini kuna kitu anachopaka.

"Dada, unapaka nini usoni?" nilimuuliza siku moja, kama mtu anayeuliza tu kupitisha wakati.

"Maji."

"Maji peke yake?"

"Na mafuta kidogo, kukiwa na mafuta."

"Mafuta gani?"

"Yoyote yaliyoko jikoni." Akacheka. "Kwani unataka kuolewa tena?"

Nilicheka pia, lakini moyoni nilisema, huyu ananificha.

Jirani tuliyeshirikiana naye jiko alikuwa yaya katika nyumba ya Wazungu kwenye mteremko wa mlima Menengai. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kupenda habari, na memsabu wake, yule bibi wa Kizungu, alikuwa akihangaikia uso wake kutwa. Nilimweleza shida yangu bila kumtaja dada, naye akafurahi kama mwalimu aliyepata mwanafunzi. Siku iliyofuata aliniletea nusu ya tango ndani ya karatasi. "Kata vipande vyembamba," alisema, "lala chali, weka juu ya macho mpaka vipate joto. Memsabu hufanya hivyo kila siku baada ya chakula cha mchana."

Nililala chali mchana, mlango nimeurudisha. Ubaridi ule ulikuwa mtamu, siwezi kukataa. Lakini mtoto wangu wa kati aliingia kutafuta mpira wake wa matambara, akasimama, kisha akatoka mbio akiwaambia wenzake kwamba mama amekufa na amewekewa mboga machoni. Wanawake watatu walifika mlangoni kabla sijaamka. Dada alikuwa mmoja wao. Aliokota kipande cha tango kilichoanguka, akakitazama, akautazama na uso wangu, akakiweka mkekani akatoka. Afadhali angecheka.

Baada ya tango likaja yai. Nilipaka ute mweupe chini ya macho, ukakauka, ngozi ikajivuta vizuri kabisa, na kwa muda wa kama saa moja nilikuwa mwanamke niliyemtaka. Nilipoosha makunyanzi yalikuwa yakiningoja. Nikapaka asali, nzi wa landhi nzima wakanijua. Nikapaka utando wa maziwa niliouengua asubuhi kabla chai haijatiwa, na mume wangu akalalamika kwamba siku hizi chai haina mafuta. Nikanunua sokoni mafuta ya mbarika, mazito, yenye harufu ya shamba, nikawa napaka tone moja moja kwa kidole cha pete kama yaya alivyonifundisha, bila kuvuta ngozi. Hayo yalisaidia kidogo, nasema ukweli. Ukavu ulipungua, na mistari ile midogo chini ya macho ikalegea. Lakini ile iliyochimbika haikusogea, na kila nilipoona nafuu kidogo kwangu nilimtazama dada nikaona safari bado ni ndefu.

Kisha yaya akaniambia kwamba memsabu wake hacheki ovyo, maana kucheka ndiko kunakokunja macho. Nikaacha kucheka. Nilifanya hivyo karibu wiki tatu. Mtoto mdogo alikuwa ameanza kuiga sauti ya mhubiri wetu, nyumba nzima ikivunjika mbavu, na mimi nimekaa nimekaza uso kama mtu mwenye jipu. Mume wangu aliniuliza nimekosana na nani. Nikamjibu sijakosana na mtu.

"Basi mwambie huyo usiyekosana naye akuache ucheke," alisema.

Aliposema hivyo alikuwa akimtazama dada, au niliona hivyo. Hapo ndipo wivu wangu ulipobadilika sura.

Bomba la maji lilikuwa mwisho wa mstari wa nyumba, mbali kidogo na mlango wetu. Jioni mume wangu alipotoka kazini alipitia hapo kunawa mavumbi ya magunia, na saa hiyo mara nyingi dada alikuwa hapo akichota maji. Mimi nilisimama mlangoni nikitazama. Niliona maumbo mawili, moja refu na moja fupi, yamesimama pamoja. Niliona yakiinamiana. Nilikuwa na uhakika kwamba wanacheka. Nilikunja macho kuyatazama vizuri, na kadiri nilivyokunja ndivyo nilivyozidi kuona ninachokiogopa. Mume wangu akifika mlangoni nilimuuliza, "Mlikuwa mnaongea nini?" Naye akasema, "Nani?" Neno lile moja nililitafuna mpaka asubuhi.

Sikumwambia mtu. Niliendelea kumpakulia dada chakula, kumwita dada, kumpa upande mzuri wa mkeka. Lakini nyama nilimpa yenye mfupa. Leso yangu mpya aliyoipenda niliikunja nikaiweka chini kabisa ya sanduku. Aliposema amemwota mumewe, nilimwambia nina kazi jikoni.

Siku moja ya Alhamisi alikwenda kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa. Mume alikuwa kazini, watoto shuleni na uani. Nilifungua sanduku lake la bati. Sikuwa mtu wa kufungua vitu vya watu. Ndani mlikuwa na koti la mumewe, kitabu cha nyimbo, cheti cha kazi kutoka kwa Mzungu wa Njoro, na kwenye kona, kimefungwa kwa kitambaa cheupe, kikopo kidogo cha bati. Nilijua nimekipata.

Nilikifungua. Ndani mlikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, chenye harufu kali ya kafuri. Mtu mwenye akili angekifunga. Mimi nilisema harufu kali ni nguvu ya dawa. Nikachota kwa kidole, nikapaka chini ya macho yote mawili na pembeni, kwa ukarimu, kama mtu aliyelipiza kisasi, nikakirudisha kikopo nilipokitoa na kufunga kitambaa kwa fundo lilelile.

Haikuchukua muda. Kwanza palipoa, nikafurahi. Kisha pakaanza kuwaka. Nilikimbilia maji nikanawa, na kunawa kukayatia yale mafuta ndani ya macho. Nilipiga magoti jikoni nikishika karai. Dada alinikuta hivyo aliporudi. Alinusa tu. Alinishika kichwa, akanimwagia maziwa baridi machoni mara nyingi, taratibu, akinifuta kwa pindo la gauni lake.

"Usisugue," alikuwa akisema. "Usisugue, mdogo wangu. Acha yatoke yenyewe."

Kesho yake macho yalikuwa yamevimba yakafumba. Mume wangu alipouliza, dada alimjibu kabla yangu: "Ni sabuni. Sabuni mbaya ya dukani." Hata hapo, sikuona kitu lakini wivu niliuhisi. Hata katika kunifichia aibu alinizidi.

Alinishika mkono mpaka hospitali. Bahati yangu ilikuwa kwamba wiki ile daktari wa macho, aliyekuja Nakuru mara mojamoja, alikuwapo. Alinitia dawa, akaniambia nirudi baada ya siku nne. Niliporudi uvimbe umeshuka, alitaka kujua kama macho yameharibika, akanisimamisha mbele ya karatasi yenye alama zilizokuwa kama meza iliyopinduliwa, miguu ikitazama huku na huku. Aliniambia nionyeshe kwa mkono miguu inatazama wapi. Nilikunja macho.

"Usikunje," alisema msaidizi wake aliyekuwa akitafsiri. "Daktari anasema fungua tu kawaida."

"Nikifungua kawaida sioni."

Walitazamana. Daktari aliniuliza maswali mengi: kama ninawatambua watu kutoka mbali, kama kichwa huniuma, kama nilipokuwa mtoto nilisogeza vitu usoni. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilidhani kila mtu yuko hivyo. Nilidhani mbali ni mbali kwa watu wote. Msaidizi akaniambia kwamba macho yangu hayaoni mbali, kwamba si dawa ile iliyofanya hivyo bali nimezaliwa hivyo au ilianza utotoni, na kwamba nitaandikiwa miwani itoke Nairobi.

Nilijikaza nikauliza nililotaka kuuliza. "Na haya makunyanzi?"

Daktari alipotafsiriwa hakucheka. Alinigusa kidogo pembeni mwa jicho. Msaidizi akasema, "Anasema mtu akikunja macho kutwa kwa miaka ishirini, ngozi hubaki imekunjwa. Jua na moshi huzidisha. Miwani itazuia isizidi. Mistari iliyokwisha kuingia huenda ikapungua kidogo, lakini haitatoka yote."

Tulirudi kwa miguu. Kwenye miti ya mikaratusi karibu na barabara dada alisema magoti yanamuuma, tukakaa.

"Ile ilikuwa dawa yangu ya magoti," akasema. "Sakafu ya zizi kule Njoro ilikuwa maji matupu. Mama mmoja alinitengenezea, ya pilipili na kafuri. Ungeniuliza."

"Nilikuuliza. Ukasema unapaka maji."

"Napaka maji."

Akaendelea, "Tangu mdogo ulikuwa ukikunja macho. Mama alidhani una hasira. Alikuwa akikupiga kwa kumtazama vibaya." Alijisugua goti. "Nilijua unanionea wivu. Tangu siku ya yule Mhindi."

"Ulijua?"

"Nilijua, na nilifurahi." Alisema hivyo akitazama mbele, bila kuinua sauti. "Usinione mtu mwema. Nilikuja kwako sina mume, sina mtoto, sina hata mlango wa kufunga. Wewe unavyo vyote. Yule mzee aliponiita msichana wako nilipata kitu kimoja ambacho wewe huna. Nikawa nakiangalia kila siku. Ukipaka mayai yako nilikuwa nakuona, na nilikuwa nafurahi."

Nilitaka kukasirika. Badala yake nilihisi kama mtu aliyetua mzigo na kukuta mwenzake naye amebeba. Nikamuuliza jambo lililobaki, maana nilijua nisipouliza hapo sitauliza tena. "Na baba watoto? Mnaongea nini pale bombani?"

Aligeuka akanitazama, na mara ya kwanza nikamwona amechukia. "Baba watoto wako hunisalimia na kunawa mikono. Usiniulize hivyo tena."

Sikumuuliza tena. Lakini sikumwamini kabisa pia, na ni lazima nikiri hilo.

Miwani ilifika baada ya wiki kadhaa, mizito, yenye fremu nyeusi. Niliivaa uani. Niliona ukingo wa Menengai una miti, miti mojamoja. Niliona upande wa ziwa, ile rangi ya waridi niliyoizoea kama vumbi la maji, kumbe ni ndege wanaotembea. Watoto walinizunguka wakinyanyua vidole mbali, wakiniambia nihesabu. Jioni nilisimama mlangoni kama kawaida yangu. Mume wangu alikuja bombani. Dada alikuwa hapo. Waliinamiana kama nilivyowaona siku zote, na mara hii niliona: yeye aliinama kufungua bomba, dada aliinama kuondoa debe lake ampishe. Mume wangu alikuwa amechoka mno usoni. Dada alikuwa akitazama upande mwingine kabisa, mahali pasipo na mtu, na midomo yake ilikuwa imekaza kama ya mtu anayejizuia kulia. Sikuwa nimewahi kuuona uso wake akiwa hajui kwamba natazama.

Nilikwenda kumsaidia debe. Usiku huo chakula nilimpakulia nyama isiyo na mfupa, na leso nikaitoa chini ya sanduku.

Aliondoka miezi mitano baadaye. Familia moja ya kanisani ilikuwa imepata kazi kwenye shamba la Mzungu huko Kuresoi na walihitaji mwanamke mwenye kujua ng'ombe. Kupata ruhusa ya kusafiri wakati ule wa Hali ya Hatari haikuwa rahisi, lakini mume wangu alimshughulikia karatasi zake mwenyewe, akasimama foleni siku mbili. Dada alipopanda lori watoto walilia. Nami nililia, na nilipokuwa nikilia nilihisi pia ahueni, kama dirisha limefunguliwa. Nilimpungia mkono mpaka lori lilipopinda kona, na kwa sababu ya miwani nilimwona naye akinipungia mpaka mwisho.

Mistari ile iliyochimbika haikutoka. Ya kulia ilififia. Ya kushoto ilibaki mitatu, na baadaye ikawa mitano, kama ilivyo kwa watu. Moshi nilianza kuukwepa, na juani nilifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Nilirudia kucheka. Dada aliolewa tena huko Kuresoi na mkulima wa viazi, mjane mwenye watoto wawili, na tulikwenda harusini, sisi sote watano, nyuma ya lori la kabichi. Kulikuwa na ukungu. Wanawake wa kule walimzunguka wakimsifu ngozi, wakimuuliza anapaka nini, naye akawajibu kwamba anapaka maji. Nilikuwa nimesimama karibu na sufuria za wali. Nilijua ni kweli asemalo, na bado kitu kikanichoma hapa kifuani, kidogo, kama mwiba uliovunjikia ndani. Kisha mmoja akanigeukia akaniuliza wali umeiva, nikafunua kifuniko nikatazama.